Kilindini: Bandari ya Meli Kubwa na Safari za Babu Zetu

Nchi yetu ya Uganda haina pwani. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka thelathini, ilikuwako baharini meli kubwa iliyobeba jina hilo, Uganda. Iliundwa mjini Glasgow, nchini Uskoti, ikashushwa majini tarehe 15 Januari 1952, na aliyeipa jina siku hiyo alikuwa mke wa Gavana wa Uganda wa wakati ule. Meli hiyo ilipokuja upande wetu wa dunia, ilitia nanga Kilindini, katika kisiwa cha Mombasa.

Ndugu msomaji, wiki hii tufunge safari twende Kilindini. Tutazitazama meli za abiria zilizofika huko katika enzi zake, na tutauliza swali ambalo vitabu vya picha za meli aghalabu havilijibu: katika fahari ile yote, watu wetu walikuwa wapi?

KISIWA CHENYE BANDARI MBILI

Mombasa ni kisiwa kidogo kinachokumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Mkono wa mashariki ndio wenye Bandari ya Kale, chini ya ngome iliyojengwa na Wareno tangu mwaka 1593. Huko ndiko yalikotia nanga majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kurudi kwao kwa kusi. Mkono wa magharibi ni Kilindini. Jina lenyewe lajieleza, kwa maana kilindi ni mahali penye maji mengi yenye kina kirefu. Jahazi halikuhitaji kina hicho. Meli za moshi zilipokuja, zikakihitaji, na bandari ya pili ikaipita ya kwanza.

Meli hizo hazikungoja pepo za msimu. Mwaka 1872 kampuni ya Kiingereza iitwayo British India ilianza kuleta barua kila mwezi kutoka Aden hadi Zanzibar. Mwaka 1890 Wajerumani nao wakaanzisha kampuni yao ya meli za Afrika Mashariki, na ni katika meli ya kampuni hiyo, iliyoitwa Admiral, ambamo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika Mombasa mwezi Aprili 1909 kwa ajili ya kuwinda.

Mwaka 1896 ilianza kujengwa reli kutoka Mombasa. Iliitwa Reli ya Uganda, ijapokuwa ilipofika ukingoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901 ilikomea Kisumu. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kwa meli kutoka Bara Hindi kuijenga, na wapatao 2,500 kati yao walikufa kazini. Basi tangu mwanzo njia ya kwenda kwetu ilianzia penye maji ya Kilindini.

Hata hivyo, kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufunga ufukoni. Zilitia nanga katikati ya maji, abiria wakashushwa kwa mashua na mizigo kwa matishali. Gati za kwanza zenye kina zilikuwa tayari mwaka 1926. Tangu hapo meli iliweza kulala ubavu kwa ubavu na nchi kavu, na winchi zikateremsha mizigo karibu kabisa na mabehewa ya treni.

FAHARI YA SITAHA ZA JUU

Miaka ya hamsini ndiyo iliyokuwa kilele cha meli hizo. Uganda ilikuwa na pacha wake, meli ya Kenya, iliyoanza safari mwaka 1951. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa tani zaidi ya 14,000 kwa kipimo cha meli, na ilichukua abiria wapatao 300 wa daraja la kwanza na daraja la watalii. Zilitambulikana kwa bomba jeusi lenye mikanda miwili myeupe. Kampuni ya Union-Castle ilileta Rhodesia Castle, Kenya Castle na Braemar Castle, zenye ubavu wa rangi ya zambarau hafifu na bomba jekundu lenye kilele cheusi. Waitalia walileta Africa na Europa.

Kutoka London, meli ilipita Gibraltar, mfereji wa Suez, Port Sudan na Aden, na ilichukua kama wiki tatu kufika Mombasa. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, walowezi, wafanyabiashara na wamisionari. Walikuwa na kumbi za kulia chakula, chumba cha kuvutia sigara, bwawa la kuogelea na muziki wa jioni. Waliowahudumia mezani aghalabu walikuwa Wagoa, na mabaharia wa sitahani walitoka Bara Hindi, chini ya msimamizi wao aliyeitwa sarangi.

Kulikuwako pia meli za watu wa kawaida zaidi. Kampala ya mwaka 1947 na Karanja ya mwaka 1948 zilikwenda na kurudi kati ya Bombay na Afrika Mashariki kupitia visiwa vya Shelisheli, hata Durban. Humo familia nzima za Wahindi zilisafiri katika nafasi za bei nafuu, na masanduku na vyombo vyao. Wengi waliofungua maduka katika miji yetu walifika kwa njia hiyo. Mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa Uganda kwa amri ya Idi Amin, baadhi yao walishuka kwa treni hadi Mombasa na kupanda meli ya kurudi Bombay. Bandari iliyowapokea babu zao ikawaaga wajukuu.

WALIOBEBA MIZIGO

Meli haipakuliwi na nahodha. Pamba yetu na kahawa yetu zilipofika Kilindini ziliingizwa melini kwa mabega ya makuli, na mitambo, nguo na chumvi vikatoka kwa mabega hayo hayo. Kazi ilikuwa ya kibarua, mshahara mdogo, na nyumba za kupanga kisiwani zilikuwa ghali na zenye msongamano. Mwaka 1939 makuli wa bandari waligoma. Mwezi Januari 1947 mgomo mkubwa zaidi ukaenea Mombasa nzima: wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli na mahoteli, na hata watumishi wa majumbani, waliacha kazi kwa siku kama kumi na mbili. Kiongozi aliyejulikana zaidi katika harakati hizo, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo na kuhamishiwa mbali. Madai yao yalikuwa ya ujira na makazi, na mtu mwenye familia atayaelewa bila kufafanuliwa.

ASKARI WALIOPANDA NGAZI

Sasa tufike kwenye jambo linalozigusa zaidi nyumba za wasomaji wetu. Katika Vita Kuu ya Pili, Kilindini ndiyo iliyokuwa mlango wa askari wa Afrika Mashariki kwenda ng'ambo. Batalioni ya Nne ya Keya, iliyokuwa ya Uganda, ilivuka bahari hadi Ceylon na kisha ikapigana Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kwa vijana wengi waliotoka vijijini, siku ya kupanda ngazi ya meli ndiyo iliyokuwa siku ya kwanza kuiona bahari.

Kwa baadhi yao ilikuwa pia safari ya mwisho. Mapema mwezi Februari 1944 msafara wa meli za askari uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Miongoni mwake ilikuwamo Khedive Ismail, meli ya abiria iliyoundwa mwaka 1922 na kugeuzwa meli ya kubeba askari. Ilichukua zaidi ya watu 1,500: askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia, maofisa, na wanawake wengi wao wakiwa wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido, yaani makombora ya chini ya maji. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Waliokufa walikuwa 1,297, na sehemu kubwa yao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari zilizokuwa zikiulinda msafara ziliiwinda nyambizi hiyo na kuizamisha siku ile ile.

Maji hayana kaburi. Lakini majina yamehifadhiwa. Huko Nairobi, katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, upo Ukumbusho wa Afrika Mashariki, na miongoni mwa majina yaliyochongwa humo yamo ya waliozama na Khedive Ismail. Mwanajeshi au polisi anayepita Nairobi hatapoteza muda wake akisimama hapo kidogo na kusoma.

NDEGE YAIPITA MELI

Enzi hizo hazikudumu, na dalili ya mwisho wake ilionekana mapema. Mwezi Februari 1952 meli iitwayo Gothic ilikuwa ikingoja Mombasa kumchukua binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, kwa safari ndefu. Tarehe 6 mfalme akafariki. Binti yake, ambaye sasa alikuwa malkia, hakupanda meli. Alirudi kwao kwa ndege kupitia Entebbe. Mwezi Mei mwaka huo huo ndege ya jeti aina ya Comet ilianza kuchukua abiria kutoka London hadi Johannesburg, na Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Meli ya Uganda ilianza safari yake ya kwanza mwezi Agosti, wakati ndege iliyokuja kuishinda ilikwisha kupita juu ya nchi iliyoipa jina.

Uhuru wa nchi zetu ukaondoa maofisa wa kikoloni waliokuwa wakizijaza zile kamera za daraja la kwanza. Mwaka 1967 mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita, usifunguliwe hadi 1975. Kenya ilivunjwa vyuma mwaka 1969, na Karanja ikaondolewa mwaka 1976.

Uganda iliponea kwa kubadili kazi. Tangu mwaka 1968 ilichukua wanafunzi katika safari za masomo. Mwaka 1982, Uingereza na Argentina zilipopigania visiwa vya Falkland, ilipakwa misalaba myekundu na kufanywa hospitali. Majeruhi zaidi ya 700 walitibiwa humo, wakiwamo Waargentina, kwa maana mbele ya daktari majeruhi ni majeruhi. Mwaka 1986 iliuzwa na kupelekwa Taiwan kuvunjwa. Kabla haijavunjwa, kimbunga cha mwezi Agosti kikaitupa ufukoni, ikalala ubavu.

KILINDINI LEO

Msafiri wa leo anayefika Mombasa ataona makontena yaliyorundikwa kama matofali, mengi yao yakija Uganda. Katika gati namba moja limejengwa jengo la abiria kwa ajili ya meli za watalii, ambazo hufika mara chache kwa mwaka. Anayetaka kuelewa bandari na aende Barabara ya Mama Ngina, penye mibuyu mikongwe, aitazame meli ikiongozwa na rubani kuingia mlango wa bahari. Kisha apande feri ya Likoni, aone jinsi watu wa kawaida wanavyovuka njia ile ile ya meli kubwa kwa mikoba na mizigo yao ya sokoni.

Wahenga wa pwani walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Meli ile ilibeba jina letu, lakini haikuwa yetu, na historia yake imekwisha kuandikwa na wenyewe kwa kengele zake, picha zake na orodha za vyakula vya mezani. Historia ya askari aliyelala sitaha za chini, na ya kuli aliyebeba robota la pamba, haitaandikwa na wenye meli. Hiyo ni kazi yetu.

Basi, mama na baba wa nyumba, fungueni masanduku. Kama imo nishani ya Burma, cheti cha kuachishwa jeshi, barua au picha ya kijana mwenye kofia ya Keya, msiviache viliwe na mchwa. Andikeni nyuma ya picha jina lake kamili, kijiji chake, kikosi chake na mwaka aliosafiri. Mwulizeni bibi kabla hajasahau, kisha wapeni watoto waandike katika daftari la shule. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji jioni moja, kalamu, na mtu mzima aliye tayari kusimulia.