Fungu la Baba na Vifuniko vya Soda

Leo hakuna kodi. Leo ni nyundo, patasi na misumeno, ingawa atakayevumilia hadi chini ataona sijaenda mbali sana na kompyuta.

Baba yangu ni seremala. Karakana yake ni banda la mawe nyuma ya nyumba yetu hapa Mombasa, na tangu nipate akili vifaa vyake vimekaa namna moja tu: fungu upande wa kulia wa meza. Mgeni akiliona anadhani ni takataka. Si takataka hata kidogo. Kifaa alichokitumia mwisho kiko juu, kile ambacho hakijaguswa tangu Idi iliyopita kiko chini kabisa, na mkono wake unalijua hilo bila macho kusaidia.

Chuoni tulifundishwa jambo hilohilo kwa jina jingine. Una orodha ya vitu. Kila ukitafuta kimoja na kukipata, unakihamishia mwanzo wa orodha. Basi, mbinu yote ndiyo hiyo. Mwaka 1985 Daniel Sleator na Robert Tarjan walithibitisha kwa hesabu kwamba mbinu hii, pamoja na wepesi wake, haikugharimu zaidi ya takriban mara mbili ya anachogharimika mtu anayejua tangu mwanzo atahitaji kitu gani na lini. Nilimweleza baba haya siku moja akiwa anapiga randa. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo wamesoma miaka yote hiyo kuja kujua kwamba niko sawa?"

Yuko sawa. Ila fungu la namna hiyo linakaa kichwani mwa mtu mmoja, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kuna kijana wa mtaani alianza kuja kujifunza kazi, na mimi mwishoni mwa wiki huingia kutengeneza meza na rafu zangu. Mikono ikawa sita. Aliyewahi kuandika programu yenye thredi tatu zinazoandika kwenye kigeu kimoja bila kufuli anajua kilichofuata. Kila mmoja anachukua, kila mmoja anarudisha juu, na juu ya huyu si juu ya yule. Baba ananyoosha mkono kutafuta patasi, anashika guni. Hilo ni la kuudhi tu, linavumilika. Lisilovumilika ni siku patasi ya nusu inchi ilipokosekana, ile nzuri ya mpini wa mti mwekundu. Nani aliishika mwisho? Imekosekana leo au mwezi uliopita? Imeazimwa na jirani? Fungu halina jibu la swali hata moja kati ya hayo, na pasipo rekodi shaka humwendea mdogo kuliko wote. Baba hakutamka neno wizi. Alianza tu kuhesabu vifaa kila jioni, kwa sauti, kijana akiwa amesimama palepale. Siku ya nne kijana aliaga vizuri, akasema shikamoo yake, na wiki mbili hatukumwona.

Hapo ndipo niliponunua plaiwudi, futi 8 kwa 4. Niliipigilia juu ya vipande vya mbao vya inchi mbili ili hewa ipite nyuma yake, maana hewa yetu ya pwani ina chumvi, na msumeno ukikaa umegusa ukuta wenye unyevu utaona kutu mapema sana. Kitambaa chenye mafuta ya cherehani kinaning'inia pembeni. Kila chuma hupanguswa kabla ya kurudi. Vizito viko chini, misumeno juu, na patasi zimesimama kwenye kibao chenye matundu, makali yakiangalia chini, kwa usalama wa vidole na wa makali yenyewe. Halafu nikazungushia kila kifaa mstari wa rangi. Mbinu si yangu. Paul Child, mume wa yule mpishi mashuhuri wa Marekani Julia Child, alimchorea mkewe sufuria zake ukutani kwa namna hiyohiyo, na jiko hilo leo liko kwenye jumba la makumbusho mjini Washington. Uzuri wa mstari ni kwamba kinachokosekana kinajitangaza chenyewe. Huhitaji kuhesabu vilivyopo, wala kumsimamisha mtu mbele yako.

Lakini pengo linakwambia kitu gani hakipo. Halikwambii nani anacho. Kwa hilo niliiga karakana za zamani za viwandani, ambako kila fundi alikuwa na vipande vya shaba vyenye namba yake: ukichukua kifaa, unatundika kipande chako mahali pake. Waandishi wa programu watatambua kwamba hiyo ni kufuli, tena yenye jina la mwenye kuishika. Shaba sina. Nina vifuniko vya chupa za soda, nilivyovitoboa kwa msumari na kuvipaka rangi: vya baba bluu, vyangu vyeupe, vya kijana kijani. Vitano kwa kila mtu, kwa hiyo ukitaka kifaa cha sita sharti urudishe kimoja kwanza. Jirani akija kuazima, aliyemwazima ndiye anayetundika kifuniko chake.

Baba alikataa. "Nijiandikishe kwa nyundo niliyoinunua wewe hujazaliwa?" Nikamwambia nyundo yake, penseli na futi yake vibaki kwenye fungu, kwa sababu havishikwi na mtu mwingine, na kitu cha mtu mmoja hakihitaji kufuli. Vya watu watatu ndivyo viende ukutani, na kifuniko cha bluu kitundikwe sawa na cha kijani. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu, baada ya magharibi, alikwenda kwa akina kijana mwenyewe. Waliongea nini sijui, na sikuuliza. Jumatatu kijana alikuwa karakanani anafagia.

Patasi haijaonekana hadi leo. Mfumo huu hauwezi kuitafuta, kama vile logi uliyoiwasha leo haiwezi kukueleza seva ilifanya nini jana. Baba alitaka niichoree nayo nafasi, kwa ajili ya siku itakapopatikana. Hapo tulibishana kidogo. Pengo la patasi ile lingekaa ukutani likimwangalia kijana kila asubuhi, na kwa vifuniko vyote vile tungekuwa tumerudi kulekule kwa kuhesabiana. Sikuichora. Nafasi iliyobaki niliweka kinoo.

Kilichosalia ni vifuniko vyenyewe: vya kijani vimeanza kushika kutu, na nadhani nitavikata upya kutoka kwenye kopo la alumini.