Barua kwa Mwanangu wa Kariakoo

Bukoba

Mwanangu mpendwa,

Mguu wa baba yako umepata nafuu, ila dawa anameza kwa kusimamiwa.

Ujumbe wako niliusoma, nikaurudia usiku. Unasema tangu ufungue fremu yako imani imepoa: mikesha inakupita, jumuiya unafika umechelewa na umechoka hoi, kwaya umeacha. Unaniuliza ufunge duka siku gani zaidi ya Jumapili ili umpe Mungu nafasi. Kabla hujagusa siku yoyote, hebu simama kwanza kwenye meza yako ya kupimia.

Wewe unauza vitambaa vya mapazia, mimi navishona. Kitambaa kikilazwa kwenye mita ya mbao huku kidole gumba kikikivuta, mteja haoni kitu. Kikinifikia mimi, nikakitandaza kikalegea, mita tano zinakuwa tano kasoro shubiri. Pindo la chini halitoshi, na anayelaumiwa ni fundi. Baadhi ya wauzaji wa namna hiyo nawafahamu. Jumapili wanakaa viti vya mbele na wala hawasinzii. Sisemi wewe unavuta. Ninachosema ni kwamba siku sita za juma imani yako inakaa hapo, chini ya kidole chako, ambapo mchungaji hakuoni wala mwalimu wa kwaya. Ile sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, ambayo sote tunaikimbilia kwa sababu ya kumpenda jirani, inazungumzia pia vipimo na mizani. Wengi tunafunga Biblia kabla ya kufika huko.

Bibi yako, unajua, alikuwa mlokole wa kweli, mmoja wa watu wa ule Uamsho wa zamani. Kwao ushuhuda ulikuwa na gharama: ukisimama leo ukasema Yesu amekuosha, kesho majirani wanatazamia kukuona njiani umebeba jembe la watu unalirudisha. Uamsho wenyewe ulishika moto Gahini, kule Rwanda, na hospitali ya misheni ilikuwa katikati ya mambo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkuu wa wahudumu pale, alikwenda Kampala kwa Simeoni Nsibambi na kumweleza jinsi hali ya Gahini ilivyo mbaya. Nsibambi akamwambia kasoro imo moyoni mwake yeye mwenyewe. Fikiria umesafiri umbali wote huo kushtaki wenzako, halafu unajibiwa hivyo! Lakini Yosiya alirudi kazini mtu mwingine, akawa mmoja wa nguzo za Uamsho. Kwa hiyo moto uliokuja kutufikia hadi huku Buhaya ulipita kwanza kwa mtu mwenye zamu na wagonjwa wa kuhudumia.

Walokole nao walikuwa na lao. Wapo waliojipa kazi ya kuungama dhambi za majirani. Hilo tusilirithi.

Kuhusu sala, naona unajitwisha mzigo usiopewa. Ile Katekisimo Ndogo ya kipaimara bado unayo? Luther aliitoa mwaka 1529, na ndani yake aliweka sala ya asubuhi na ya jioni. Ni fupi zote, maji ya chai hayajachemka umeshamaliza. Mimi napenda zaidi maagizo yanayoandamana nazo: asubuhi ukishaomba, nenda kazini kwako kwa furaha, jioni ukishaomba, lala mara moja. Hakuna agizo la kukesha ukijilaumu kwamba hukuomba vya kutosha. Basi omba ile ya asubuhi kabla hujafungua duka, kisha fanya kazi.

Jumuiya usiiache, hata ukifika wimbo wa mwisho. Mtu akiwa peke yake hujihurumia mno. Kwaya itakusubiri.

Wenzako hapo Kariakoo watakucheka, hilo lijue mapema. Akija mteja anayetaka risiti iandikwe pungufu ili naye apunguziwe bei, ukamkatalia, atahamia fremu ya pili. Na asikudanganye mtu kwamba Mungu atakurudishia kwa mauzo maradufu. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini Luka hakuandika popote kwamba biashara ilimnyookea baada ya hapo. Aliandika kwamba wokovu ulifika nyumbani mwake.

Halafu kuna jambo ulilipitia juujuu katika ujumbe wako. Yule kijana wa mkokoteni aliyekuletea marobota, umemwambia asubiri hela yake hadi Jumamosi kwa kuwa mauzo yalikuwa mabaya. Sura ileile ya 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Yeye hana fremu, mwanangu, anakula alichobeba siku hiyo. Mtafute leo, hata kama itabidi uchelewe ibada. Kama hela haitoshi, kopa kwa jirani yako wa duka, lakini usimkope yeye. Ukishamlipa niambie, maana senene wako wako tayari na dereva wa basi anaondoka kesho alfajiri.

Shangazi yako