Jua la Kinyonga

Katika Tabora nilikokulia hapana aliyefuga kinyonga. Tulimwogopa. Bibi yangu, aliyezaliwa na kuzeekea Kwihara, alipomwona juu ya mwembe alikusanya khanga yake, akapita mbali, na sisi wajukuu akatuita kwa ukali, "Mwacheni huyo na mambo yake!" Basi nikakua nikimjua kinyonga kwa hofu, wala si kwa elimu, na tofauti hiyo sikuipima mpaka nilipokuwa mtu mzima, katika nchi ya watu.

Mwaka 2011 nilikuwa Hamburg kwa ajili ya shahada ya udaktari. Chini ya chumba changu alikaa mama mmoja mjane aliyefuga kinyonga wa aina ya Yemeni, mwenye kishungi kirefu kichwani. Mnyama huyo alizaliwa kizimbani, wala hakupata kuiona Yemeni. Juu ya kizimba palikuwa na taa ndefu ya kumwangazia. Mama yule aliposikia nitokako alifurahi, akaniuliza kama mtu amwulizavyo mwenyeji: taa imechakaa na mpya ni ghali, je, yafaa kumweka mnyama dirishani? Nami, badala ya kusema sijui, neno ambalo sisi wanachuoni hulitamka kwa taabu, nikajibu kwamba kwetu vinyonga hawana taa, jua lawatosha. Akaizima taa, akamweka nyuma ya kioo cha dirisha, mahali penye mwangaza mzuri sana.

Baada ya miezi michache miguu yake ya mbele ilipinda, taya likalegea, akawa hawezi tena kushika tawi kwa nguvu. Daktari wa wanyama alisema ni ugonjwa wa mifupa, ndugu wa matege ya watoto. Mama yule hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinionyesha tu ile miguu. Lau angalinilaumu ningalipata nafuu.

Ndipo nilipokwenda kusoma niliyopaswa kuyasoma kwanza. Katika nuru ya jua imo nuru isiyoonekana kwa jicho letu, iitwayo urujuanimno. Fungu lake moja, lenye mawimbi ya nanomita 280 hadi 315, ndilo lianzishalo katika ngozi kazi ya kutengeneza vitamini D3. Bila ya vitamini hiyo kalisi ya chakula haifyonzwi vyema tumboni, na mwili ukiikosa huinyang'anya mifupa. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha mwangaza, lakini fungu hilo hulizuia karibu lote. Kwa hiyo kinyonga yule alikaa mchana kutwa juani, na jua lenyewe halikumfikia. Nilisoma pia kwamba katika nchi ile ile ya Ujerumani, mjini Berlin, mwaka 1919, daktari Kurt Huldschinsky alieleza jinsi alivyowaponya watoto wenye matege kwa taa ya zebaki yenye nuru hiyo. Elimu niliyoihitaji ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka tisini.

Tukanunua taa mpya, nusu ya bei nikalipa mimi. Kuichagua si kazi nyepesi. Balbu ya kupasha joto haitoi nuru hiyo, ijapokuwa hung'aa sana. Bomba refu la florosenti lililotengenezwa kwa kazi hiyo ni bora kuliko balbu fupi, maana humwaga nuru yake juu ya eneo pana. Lakini kila shibiri ya umbali hupunguza nguvu, na wavu wa kizimba hupunguza tena. Lililonishangaza zaidi ni kwamba taa huendelea kuwaka machoni petu hali nguvu yake ya siri imekwisha. Hubadilishwa kwa tarehe, aghalabu baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, au kwa kipimo. Kuitazama hakusaidii kitu.

Wala haifai kuwasha taa juu ya kila tawi. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani, akiwemo Gary Ferguson, walionyesha kwamba kinyonga wa Madagaska aliyepungukiwa na vitamini D3 katika chakula hujianika zaidi kwenye nuru hiyo, na aliyeipata ya kutosha hujianika kidogo. Basi mnyama anajua haja yake, madhali amepewa pa kujificha.

Niliporudi nyumbani nilikwenda Kwihara, penye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Njia ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, ilipitisha hapa pembe na watumwa. Miaka mingi nchi yetu iliuza ng'ambo vinyonga hai pia, hata Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Jina letu nalo limesafiri: tangu mwaka 2006 jamii moja ya vinyonga huitwa na wanasayansi wa dunia nzima Kinyongia.

Chini ya mwembe nilimpata mmoja, nikakaa. Asubuhi alikuwa mweusi, ameubapa mwili na kuuelekeza ubavu kwenye jua. Saa nne alikuwa amekwisha kuwa kijani hafifu, akaanza kuingia majanini kwa mwendo wake ule wa kusitasita. Adhuhuri ya Tabora, ambapo kielezo cha urujuanimno hupita 11 katika siku nyingi zisizo na mawingu, haikumkuta nje. Maneno yangu ya Hamburg yalikuwa nusu ya kweli: nilikumbuka jua, nikasahau jani.

Yule wa Hamburg aliishi miaka miwili zaidi. Miguu haikunyoka, kwa hiyo mama yule alishusha matawi ili akianguka asiumie. Ninayo picha aliyoniletea: kinyonga yu chini ya bomba jipya, ubavu mmoja mweusi, na ukutani imebandikwa karatasi yenye tarehe ya taa, kwa mwandiko mkubwa.