Koki ilikuwa juu ya paa

Siku ya kwanza unapoanza kazi katika wodi mpya, muuguzi mwenyeji hukuzungusha akakuonesha mambo matatu: kigari cha dharura, njia ya kutokea moto ukiwaka, na koki ya kufungia oksijeni ya wodi nzima. Huu ni mwaka wangu wa 12 katika uuguzi. Diploma nimeisomea Unguja, shahada nimeichukua India, na kote nilikofanya kazi nimeoneshwa koki hiyo mapema. Sijawahi kuifunga hata mara moja, lakini ukiniamsha usingizini nitakwambia ilipo.

Maji ya nyumba yangu mwenyewe yanafungwa wapi, nilikuwa sijui. Na kwa kutojua huko, nusura nimtie mtu hatarini.

Naishi Ibra, Ash Sharqiyah ya Kaskazini, katika jengo la zamani la ghorofa tatu. Mimi niko ya kati. Wanaoijua Ibra wanajua kwamba Mswahili hapa si mgeni sana. Zipo familia nyingi ambazo wazee wao walizaliwa au kulelewa Unguja, Pemba na bara, wakarudi Oman baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Hospitalini haipiti wiki sijaitwa kwenye kitanda cha mzee anayetaka kusema na "yule mtoto wa Unguja". Nikitoka kazini, lakini, nilikuwa napanda ngazi, nafunga mlango, nalala. Mlango wa chini yangu sikuwahi kuubisha kwa miezi minane. Tukikutana ngazini na bibi wa pale ni "salaam alaykum", basi.

Usiku mmoja wa kuamkia Ijumaa niliamshwa saa 9 na sauti kama ya mvua. Mvua huku si jambo la kila siku, nikatega sikio. Niliposhusha miguu kitandani nikakanyaga maji. Ule mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye tangi la choo ulikuwa umepasuka, na maji yanaruka mpaka ukuta wa pili. Chini ya choo mna koki ndogo. Nikaizungusha. Ikazunguka, ikazunguka, na maji yaleyale. Chumvi ya miaka mingi ilikuwa imeila kwa ndani, kikabaki kishikio tu.

Nikavuta baibui, nikashuka mbio mpaka getini kwenye mita, nikafunga koki ya pale. Nikajiona mjanja. Niliporudi juu, maji yanamwagika vilevile.

Hapa ndipo nilipokosea, na naamini wengi wetu tungekosea. Nyumba niliyokulia mimi ilikuwa na mfereji mmoja uani. Ukiufunga, umefunga maji. Nyumba nyingi za Oman haziko hivyo. Maji ya mtaani, au yaliyoletwa na lori, huingia kwanza kwenye matangi, na tangi la mwisho huwa juu ya paa. Kutoka huko hushuka yenyewe kwa uzito wake mpaka bafuni na jikoni. Koki ya mita inazuia maji mapya tu yasiingie. Yaliyokwisha kupanda, na tangi langu ni la lita 1,000, yalikuwa juu ya kichwa changu, na yamepata njia.

Ndipo nikakumbuka kuwa chini yangu pana mtu.

Nilibisha hodi kwa ngumi. Yule bibi alipofungua nikaanza kwa Kiarabu changu cha wodini, kile cha "unaumwa wapi" na "vuta pumzi". Neno la mpira kupasuka sikuwa nalo. Akaniangalia nilivyolowa, akasema:

"Mwanangu, sema Kiswahili. Umepasuka nini?"

Puani alikuwa na kile kimpira cha oksijeni.

Nikaingia chumbani kwake bila ya kungoja kukaribishwa. Maji yalikuwa yanatona kutoka pembeni mwa taa ya darini. Chini, kando ya kitanda, mashine yake ya oksijeni ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, na maji yameshaanza kutambaa kuelekea huko. Tangu hapo nilifanya kama niko kazini. Nikampeleka sebuleni nikamkalisha wima, nikamfungulia mtungi mdogo wa akiba aliokuwa nao, nikahesabu pumzi zake. Kisha nikasimama pakavu na mikono mikavu nikazima umeme wa chumba kwenye kisanduku cha swichi. Halafu ndiyo nikasema habari ya maji.

"Bibi, nimefunga kwenye mita lakini hayakomi."

"Mita itakusaidia nini? Maji yako juu. Panda paani. Ufunguo huo, nyuma ya mlango. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akiyasafisha matangi yale."

Juu ya paa nilikuta matangi matatu meupe, hayana jina wala nambari. Kila moja lina bomba la juu la kuingizia maji na bomba la chini la kushushia, na penye bomba la chini pana koki ya gurudumu. Lipi langu? Nikamulika kwa simu, sikuona tofauti. Mwisho nikaweka kiganja juu ya bomba moja moja, kama ninavyotafuta mapigo ya moyo kwenye mkono wa mgonjwa. Mawili yametulia. La tatu linatetema. Gurudumu lake lilikuwa gumu; nikalifunika kwa kanga, nikalizungusha kulia kidogo, nikalirudisha kidogo, kulia tena, mpaka likakaza. Nilibaki nimeshika lile bomba mpaka likanyamaza.

Alfajiri nilikuwa jikoni kwa Bi Mkubwa (ndivyo ninavyomwita mpaka leo), nimeshamaliza kukausha chumba chake, ananipikia chai ya tangawizi huku nikimkataza asisimame sana. Ndipo nilipomwamkia shikamoo kwa mara ya kwanza. Aliitikia marahaba, kisha akasema taratibu, bila ya kunilaumu:

"Nilikuwa nakusikia dirishani ukizungumza na mama yako kwenye simu. Nikajua huyu wa kwetu. Nikawa nangoja ubishe hodi."

Sikuwa na la kujibu. Mtu mwenye maradhi ya mapafu anaishi chini ya miguu yangu, anasema lugha yangu, na mimi ni muuguzi. Miezi minane.

Fundi alikuja Jumamosi. Akabadilisha mpira na ile koki ndogo, na mwenye nyumba akalipa. Lakini mimi jambo lile halikunitoka. Likizo yangu ya siku mbili iliyofuata nilikwenda Nizwa kuangalia Falaj Daris, moja ya aflaji tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Falaji ni mfereji unaochukua maji kutoka chini ya ardhi au chemchemi mpaka mashambani bila ya pampu, kwa mteremko tu. Kinachonishangaza si mfereji wenyewe, ni utaratibu wake. Maji hugawanywa kwa zamu, na kipimo kimoja cha zamu huitwa athar, kama nusu saa hivi. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota. Zamu yako ikiisha, njia ya kwako inazibwa, ya jirani inafunguliwa. Kwa hiyo mkulima haishii kujua maji yake yanapoingilia; hujua pia yanapofungwa, na baada yake ni zamu ya nani. Nikajiona mimi, na shahada yangu.

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mko kwenye nyumba za kupanga, na baadhi yenu ni wanafunzi mnaohama kila mwaka. Nawaombeni mfanye wiki hii nilichokifanya mimi nimechelewa.

Muulize mwenye nyumba maji yanafungwa wapi, usikubali kuambiwa "pale nje", akuoneshe. Uingereza mara nyingi koki kuu iko chini ya sinki la jikoni. Kwenye nchi za baridi kali kama Kanada, nyumba nyingi huwa nayo chini kabisa, pale bomba linapoingilia. Fleti nyingine koki yake iko kwenye kabati la koridoni, pengine imefungwa kwa ufunguo. Ghuba, uliza habari ya paa, na ufunguo wa paa unakaa kwa nani.

Kisha ijaribu. Ifunge, fungua mfereji wa jikoni, uone kama maji yanakatika. Koki ya kishikio kirefu ikilala sambamba na bomba iko wazi, ikikaa msalaba imefungwa. Ya gurudumu hufungwa kwa kuzungusha kulia. Ikiwa ngumu usiilazimishe, ita fundi kabla ya siku yenyewe. Ukishafanikiwa, iguse tena kila baada ya miezi michache isije ikashika chumvi. Waoneshe na watoto wakubwa, maana mpira haupasuki ukiwa nyumbani tu. Na kama unazima maji muda mrefu, zima na hita ya maji.

Halafu ubishe hodi chini na juu yako. Ujue nani mzee, nani mgonjwa, nani ana mtoto mchanga.

Siku hizi matangi yetu matatu yana majina, nimeyaandika kwa rangi nyeusi, Kiarabu na Kiswahili. Ekstensheni ya Bi Mkubwa tumeipandisha ukutani. Ufunguo wa paa bado uko nyuma ya mlango wake, kaniambia haondoi, ila wa nyumba yake amenipa mimi mmoja. Nikirudi zamu ya usiku napita kwanza kwake kutazama mashine, na yeye ananiuliza kama nimekula.