Hudaybiya: Mahali Wembe Ulipofundisha Utii

Msafiri atokaye Jidda kwenda Makka kwa barabara kongwe hupita Shumaysi, zaidi ya kilomita 20 kabla ya kufika mjini. Wengi hupita bila kugeuza shingo. Sisi tulimwomba dereva asimame, kwani hapo ndipo Hudaybiya, na hapo tulitaka kutafakari maana ya kunyoa kichwa kabla hatujavifikia viti vya vinyozi.

Ilikuwa Dhulqaada, mwaka wa 6 Hijria. Mtume Muhammad (s.a.w.) na Masahaba wapatao 1,400, wakiwa ndani ya ihramu na wanyama wao wa kuchinja, walizuiwa na Makuraishi wasiingie Makka. Mkataba ukafungwa: warudi Madina mwaka ule, waje mwaka ufuatao kwa siku 3. Mtume akaamuru watu wachinje na wanyoe. Akakariri mara tatu, asiinuke hata mmoja. Haukuwa uasi; ulikuwa uzito wa huzuni. Kunyoa huja ibada ikitimia, nao Al-Kaaba hawajaitia machoni. Wanyoe kwa lipi?

Mtume akaingia kwa mkewe, Bi Ummu Salama (r.a.), akamweleza. Bibi huyo akamshauri atoke, asimsemeshe mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo. Masahaba walipoona, wakainuka, wakachinja na kunyoana wao kwa wao, majonzi yakiwa bado vifuani. Walitii kabla ya kuona matunda ya utii wao. Mwaka wa 7 wakaingia Makka kwa amani.

Kutoka Shumaysi tuliingia mjini, tukatufu, tukasai. Sai huishia Marwa, na hapo ndipo mtu hutafuta kinyozi. Tajiri na mchukuzi hukalia kiti kimoja. Ihramu ilikwisha kuwavua kanzu, suti na vyeo. Wembe humalizia pambo ambalo mtu hubaki nalo hata akivuliwa nguo zote. Katika Hija, jambo hilo hufanyika Mina, siku ya 10 ya Dhulhija.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu mwambao, kunyoa au kupunguza nywele ni nguzo ya Hija na Umra, na nywele 3 zinatosheleza. Lakini Mtume aliwaombea wanaonyoa mara kadhaa kabla ya kuwajumuisha wanaopunguza. Basi mwanamume mwenye uwezo wa kutoa kichwa kizima, kwa nini ahesabu nywele tatu? Mwanamke hanyoi, hukata ncha za nywele zake, kadiri ya pingili ya kidole, na ibada yake haipungui kitu. Mwenye upara naye husuniwa apitishiwe wembe kichwani, ingawa hakuna cha kuondoa. Hapo ndipo inapodhihiri kwamba kinachotakiwa ni utii wa mja.

Tunawanasihi wanaojiandaa kwa safari: nendeni kwa vinyozi wenye kibali, na kila mmoja adai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yake. Maradhi ya ini na Ukimwi huweza kupita katika damu ya wembe uliochangiwa.

Nyumbani wembe huu si mgeni. Mtoto anapotimiza siku ya saba hufanyiwa akika, hunyolewa, na fedha ya uzani wa nywele zake hutolewa sadaka. Mtoto yule hakuchagua. Wazazi walimtolea kwa niaba yake. Anayenyoa Makka au Mina hutoa mwenyewe, kwa hiari.

Basi mtakapompokea hujaji wenu, na watoto wakakicheka kichwa chake king'aacho, msiwakemee. Waketisheni, muwasimulie habari za Hudaybiya, na za mama wa waumini aliyejua kwamba watu waliovunjika moyo huhitaji kuonyeshwa kwa kitendo.