Mtaa Uliokuwa Ufukwe

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeiogopa bahari. Kisiwani kwetu hilo ni jambo zito, kwa sababu kila kitu hutujia kwa bahari: unga, saruji, wageni, hata habari za misiba. Kaka yangu mkubwa alitoka Wete kwa jahazi kwenda Tanga wakati wa kusi, nikiwa bado mtoto wa skuli. Hakufika Tanga wala hakurudi. Mwili haukupatikana, na hata kipande cha ubao hatukukiona. Tulimsomea hitima, lakini marehemu mama alikaa muda mrefu akiwakataza watu wasianue matanga. Baadaye nyumba nzima ikawa kama imekubaliana, bila ya mtu kusema neno, kwamba jina lake lisitajwe tena.

Nilipokua nikawa mwalimu wa jiografia. Nilisomesha pepo za msimu, mikondo ya bahari na Mlango wa Malaka kwa chaki na ramani ya ukutani, na mwenyewe nikitaka kwenda Unguja nilipanda ndege ndogo ya Chake Chake, hata kama mshahara ulikuwa umeshakwisha na nauli ni ya kukopa. Visiwa vyetu vilipopata ile misiba miwili ya meli kuzama, mwaka 2011 na tena 2012, sikuwa na jamaa ndani yake. Lakini niliwasikia majirani wakiulizana majina usiku, na mwili ukafa ganzi kama ulivyokufa siku zile za kaka.

Kwa hiyo binti yangu anayeishi Muscat aliponipigia simu, akaniambia yeye na mumewe wamekata tiketi za meli ya kitalii kutoka Singapore kwenda Penang na Phuket, na kwamba jina langu limo pamoja na la mjukuu wangu, nilimjibu: “Mwanangu, Singapore nitakuja. Hiyo meli tutazungumza.”

“Haya Mama,” akasema. “Tutangulie tuuone mji, kisha utaamua mwenyewe.”

Wakapanga tufike mapema, tubaki mjini kabla ya siku ya meli. Ushuhuda wangu ni wa siku hizo za mjini.

Tulifikia Kampong Glam, mtaa wa Waislamu wa tangu zamani, karibu na Msikiti wa Sultan. Jengo lililopo sasa lilikamilika mwaka 1932. Chini ya kuba zake za rangi ya dhahabu kuna ukanda mweusi unaong'aa, na ukiwa mbali utadhani ni rangi tu. Ukisogea ndipo unapoona kuwa ni vitako vya chupa, vimepangwa safu juu ya safu. Wakati wa ujenzi wenye mali walitoa fedha, na mafukara wakakusanya chupa, ili nao wawe na fungu lao katika nyumba ya Mungu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionesha, nami nilitazama juu mpaka shingo ikaniuma. Hili halina uhusiano na bahari. Nimelitaja kwa sababu sijapata kuona sadaka ya mnyonge imewekwa juu kiasi kile, pahala ambapo kila apitaye ataiona.

Mbele ya msikiti unanyooka mtaa wa Bussorah. Leo umejaa migahawa, maduka ya vitambaa na ya manukato, lakini nyumba zake zamani zililaza mahujaji. Watu wa Java, Sumatra na Malaya walikuja Singapore kungojea meli ya Jeddah, na baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na meli za moshi kuongezeka, bandari hii ikawa mlango mkubwa wa Hija kwa upande ule wa dunia. Wengine walingoja kwa miezi. Wapo walioishiwa, wakafanya kazi za sulubu pale pale mpaka nauli ikatimia. Nilikaa mgahawani, mbele yangu sahani ya murtabak, ambayo Mzanzibari akiiona ataiita mkate wa kima bila ya kuuliza, na fikra zangu zote zilikuwa kwa watu hao. Nao walikuwa na mama zao na kaka zao. Nao walijua kwamba kuna meli zisizofika. Hata hivyo waliuza shamba, wakaja kukaa mtaani hapa kuingoja hiyo meli.

Siku nyingine tulipanda treni ya chini ya ardhi mpaka Telok Ayer. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Ukisimama leo katika mtaa wa Telok Ayer, bahari huioni. Unaona maghorofa ya mabenki, na vijana wenye vitambulisho vya kazini shingoni wakikimbilia chakula cha mchana. Lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 maji yalifika hapo. Mtaa huu ndio uliokuwa ufukwe, na waliotoka safari waliteremka mbele ya milango yake. Mwishoni mwa miaka ya 1870 serikali ya kikoloni ilianza kuifukia ghuba, na kazi ya kufukia haijasita. Singapore ilipokuwa dola huru mwaka 1965 ilikuwa na kilomita za mraba 580 hivi. Leo zimepita 700. Kituo cha meli za kitalii cha Marina Bay, kilichofunguliwa mwaka 2012, nacho kimesimama pahala palipokuwa maji.

Katika mtaa huo mmoja wa Telok Ayer zimepangana nyumba za ibada zilizojengwa na watu walioteremka ufukweni wakiwa hai. Kuna Nagore Dargah, iliyojengwa kati ya 1828 na 1830 na Waislamu wa Kitamil kwa kumkumbuka Shahul Hamid, walii wa Nagore, ambaye mabaharia wa kusini mwa India wanamuenzi hadi leo. Kuna Msikiti wa Al-Abrar, ulioanza mwaka 1827 ukiwa kibanda tu. Na kuna hekalu la Wachina wa Hokkien, Thian Hock Keng, lililojengwa kati ya 1839 na 1842 kwa ajili ya Mazu, ambaye wao humwomba awalinde baharini. Wahamiaji wa Kihokkien kutoka Fujian walikuwa wakiteremka na kwenda moja kwa moja kushukuru kwa kufika salama, hata kabla ya kutafuta pa kulala.

Mimi ni Muislamu na kule hekaluni nilikwenda kuangalia tu. Nilisimama uani, chini ya paa lenye majoka, nikamtazama mwanamke wa makamo yangu akiinama na ubani mkononi. Dini yake si yangu. Lakini hofu iliyowaleta wazee wake pale naijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Ule ualimu wangu wa ndani nao ukaamka, nikamwambia mjukuu: “Unaijua kaskazi? Upepo ule ule ulioleta majahazi ya Uarabuni na India kwetu Zanzibar, ndio uliosukuma majahazi ya Wachina mpaka hapa. Kisha wakangoja kusi iwarudishe.” Miaka yote ile darasani niliisema kama somo la upepo. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuwaza kwamba ndani ya kila jahazi lililochorwa katika vitabu vyangu kulikuwa na watu, na kila mmoja ameacha mtu ufukweni.

Nyuma ya hekalu, upande wa mtaa wa Amoy, kuna ukuta wa mita 44 uliochorwa mwaka 2017 na msanii Yip Yew Chong. Picha zake zinahadithia safari ya Wahokkien, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo sisi tuliosoma chuo cha Kurani hatukupata tabu. Mwanzoni watu wanaagana na jamaa zao huko China. Kisha bahari. Kisha kuteremka, kubeba mizigo, kufanya biashara, kuzaa, kujenga. Mjukuu wangu alikuwa akienda na kurudi, akikigusa kila chombo kwa kidole. Halafu akaniuliza:

“Bibi, hawa ndio waliofika. Wasiofika wamechorwa wapi?”

Binti yangu akataka kumnyamazisha, labda kwa kuwa aliniona uso umebadilika. Nikamwambia mwache. Tukakaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, jua linawaka, nami nikaanza kusema. Nikawaambia kwamba nilikuwa na kaka, na kwamba aliweza kupiga mluzi wa njiwa mpaka njiwa wenyewe wakajibu. Asubuhi ile alikula muhogo wa nazi wa jana kwa kuwa hakutaka kumwamsha mama kupika. Nikawaambia jina la jahazi, jina la nahodha, na jina lake yeye. Binti yangu alikuwa mtu mzima, ana mtoto, na alikuwa hajawahi kulisikia jina la mjomba wake kinywani mwangu. Alilia. Mimi sikulia, na sijui kwa nini. Nilihisi nimeshushwa mzigo niliokuwa nimeubeba kichwani hadi nikasahau kwamba upo.

Jioni mkwe wangu akatupeleka barabara ya Palmer, kwenye kaburi la Habib Noh al-Habshi, aliyefariki mwaka 1866. Ni juu ya kilima kidogo, unapanda ngazi, na karibu kabisa kuna barabara kubwa ya magari. Zamani kilima hicho nacho kilitazama bahari, na inasimuliwa kwamba wasafiri walimwendea awaombee dua kabla ya kuondoka. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut. Kwetu pwani nani asiyewajua Washihiri? Al-Habshi wapo Lamu, wapo Mombasa, wapo Unguja; ndugu mmoja aliifuata njia ya mashariki, mwingine akaja kwetu, na bahari hii moja ikawabeba wote. Nilisoma Fatiha, nikamrehemu Habib. Kisha nikanyanyua mikono nikamrehemu kaka yangu kwa jina lake, kwa sauti, na wale waliokuwa nyuma yangu, Wamalay nisiowajua, wakaitikia amina.

Usiku huo nilimwambia binti yangu kwamba nitapanda meli.

Sitaki mtu afikiri kuwa hofu ilitoweka. Tulipofika kituoni na kuiona meli, ndefu kuliko mtaa wetu mzima wa Wete, miguu ilinitetemeka. Kilichobadilika ni kwamba hofu yangu sasa ilikuwa na jina na ilikuwa na wenzake. Watu wa Telok Ayer waliogopa wakapanda, na waliposhuka wakajenga mahali pa kushukuru.

Kabla ya kung'oa nanga abiria wote tulikusanywa kwa mazoezi ya dharura. Wengi walikuwa wakiangalia simu zao. Mimi nilisikiliza kila neno. Mfanyakazi mmoja, kijana wa Kifilipino, alituonesha namna ya kuvaa jaketi la kuokolea: kichwa kwanza, kisha mkanda uzunguke kiuno, kisha uuvute ubane, halafu kifaa cha taa na filimbi vikae vinapofikiwa na mkono. Nikamwomba nivae mbele yake. Akanirekebisha mkanda kwa heshima, akanirudisha mwanzo, akaniacha nifanye mwenyewe mpaka nikaweza nikiwa nimefumba macho. Akatufundisha mlio wa hatari: milio saba mifupi au zaidi, kisha mmoja mrefu. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulitiwa saini mwaka 1914, baada ya Titanic, na baada ya ajali ya Costa Concordia kule Italia mwaka 2012 kanuni zikakazwa, abiria wapya wakusanywe kwa mazoezi haya kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kila kipengele cha kanuni hizo kimeandikwa kwa sababu kuna watu waliokufa. Nilivaa lile jaketi nikamfikiria kaka, aliyeondoka Wete akiwa na shati lake tu.

Ya Penang na Phuket sitayaeleza. Ni miji mizuri na wengine wameyasimulia vizuri zaidi. Usiku nilikaa sitahani tukipita Mlango wa Malaka, taa za meli nyingine huku na huku, na nilipata usingizi.

Tangu nirudi, Unguja ninakwenda kwa meli. Kabla ya kukaa humwuliza baharia majaketi yako wapi, na kama yapo ya watoto. Wengine hunionesha kwa furaha, wengine hukasirika, na anayekasirika namwuliza tena. Hitima ya kaka tunaisoma kila mwaka na jina lake linatajwa mwanzo hadi mwisho. Katika skuli niliyosomesha nimeomba nipewe kipindi kimoja kwa wiki, niwafundishe watoto mlio wa hatari na uvaaji wa jaketi, na kamati imekubali. Nimeomba pia wafundishwe kuogelea, wasichana kwa wavulana, kila kundi kwa wakati wake na kwa stara. Wazazi kadhaa wameshaleta majina ya watoto wao. Wengine wanasema bahari haifundishwi, na hao ninawaendea nyumba kwa nyumba, kwa sababu najua wanachokiogopa.