Deni la Kalamu: George Eliot na George Henry Lewes

Msomaji wa riwaya ya Kiingereza ya karne ya 19 humjua George Eliot kwa Middlemarch, iliyotoka kati ya mwaka wa 1871 na 1872. George Henry Lewes, aliyeishi naye tangu 1854 hadi alipofariki mnamo Novemba 1878, hutajwa pembeni tu: ama kama chanzo cha kashfa, ama kama mlezi wa kipaji cha mwenziwe. Mitazamo yote miwili ina kasoro.

Kuhusu kashfa, Lewes alikuwa na mke, Agnes. Kwa kuwa aliwahi kumwandikisha kama wake mtoto ambaye Agnes alimzaa na mwanamume mwingine, sheria ilimhesabu kuwa aliyeridhia uzinzi, naye hakuweza kupata talaka. Marian Evans, kama Eliot alivyojulikana, akakubali kuishi naye bila ndoa. Adhabu haikuwaangukia sawasawa. Lewes aliendelea kualikwa karamuni. Marian alifungiwa milango. Kakaye, Isaac, alikata mawasiliano naye mwaka wa 1857, asimwandikie tena hadi 1880 alipoolewa na John Cross.

Kuhusu ulezi, ikumbukwe kwamba kabla ya 1854 Marian alikuwa amekwisha kumtafsiri Strauss na kushiriki katika uhariri wa jarida la Westminster Review. Akili hiyo haikuumbwa na Lewes. Alichompa ni uthubutu. Ndiye aliyemhimiza mwaka wa 1856 ajaribu hadithi, akaipeleka ya kwanza kwa mchapishaji John Blackwood kama kazi ya rafiki asiyetajwa. Baadaye alimficha tahakiki kali. Hapa pana utata ambao mhakiki hana budi kuukabili: mwandishi aliyeutukuza ukweli katika riwaya zake aliijua sauti ya wasomaji wake kupitia chujio la mtu mwingine, na bila chujio hilo huenda asingeandika.

Lewes alipofariki, Marian aliweka kando kazi zake, akahariri sehemu za mwisho za Problems of Life and Mind ambazo marehemu hakuzimaliza, na mwaka wa 1879 akaanzisha ufadhili wa utafiti wa fiziolojia huko Cambridge kwa jina la Lewes. Aidha, aliendelea kumkimu Agnes, ambaye masimulizi ya mapenzi haya humsahau upesi.

Marian alizikwa Highgate mwaka wa 1880, karibu na kaburi la Lewes; jiwe la kumbukumbu yake katika Westminster Abbey liliwekwa 1980. Sheria haikumruhusu kuwa mke wa Lewes. Lakini alipotafuta lakabu mwaka wa 1857, alichagua George kwa kuwa lilikuwa jina la Lewes. Tahakiki inayotaka kuupima mchango wa Lewes na ianzie hapo, kwenye jalada.